Uzito Kwanza, Chuma Baadaye

Fundi wa springi aliye bora hujulikana kwa swali lake la kwanza. Mteja anaingia gereji na pikapu iliyoinamia nyuma, na kabla injini haijazimika ameshaagiza: "Fundi, niongezee pleti mbili kila upande, gari imelala." Fundi wa kawaida anafuata jeki. Fundi bora anaizunguka pikapu mara moja, kisha anauliza: "Unabeba nini, bosi, na kina kilo ngapi?" Nusu ya kazi imo katika swali hilo. Asiye na jibu huambiwa akapime kwanza, na asiyetaka kupima huambiwa kwa upole kwamba chuma hakikatwi kwa kukisia.

Fundi wa injini husifiwa kwa kuwa kazi yake ina sauti. Fundi wa rangi husifiwa kwa kuwa kazi yake huonekana toka mbali. Fundi wa springi hujilaza chini ya gari, na kazi yake ikiwa safi hakuna anayeiona wala kuisikia: abiria anasinzia, vyombo havivunjiki, tairi haliliwi upande mmoja. Nataka kumpa heshima yake, na nimechagua kumtazama katika kazi inayompima kuliko nyingi: kuiandaa pikapu ibebe kijumba cha kulala.

Kijumba hicho ni chumba kidogo cha mbao, alumini au faiba, chenye kitanda, jiko la gesi, friji, sinki na tangi la maji, kinachoingizwa kizima kwenye bodi la pikapu na kufungwa kwa minyororo au vyuma vya kukazia. Mwenyewe akitaka, hukisimamisha juu ya miguu yake minne, akaliondoa gari chini yake na kwenda sokoni. Nyumbani kwake hasa ni Marekani. Mwandishi John Steinbeck alizunguka nchi hiyo mwaka 1960 akiwa na pikapu mpya ya GMC iliyobeba kijumba cha namna hiyo, akaipa jina la Rocinante, farasi wa Don Quixote. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1962, na gari lenyewe limehifadhiwa kwenye makumbusho yake mjini Salinas, California. Kitabuni anasimulia jinsi tairi la nyuma lilivyopasuka Jumapili moja ya mvua huko Oregon. Anayejua springi akifika hapo haulizi tairi lilikuwa la kiwanda gani. Anauliza gari lilikuwa limebeba nini.

Siku hizi vijumba hivi vinapita pia kwetu. Wapo wasafiri wanaopanda kutoka Cape Town hadi Nairobi kwa Toyota Hilux na Land Cruiser 79, na wapo wakazi wa Arusha na Nairobi waliojitengenezea vyao. Njia zetu hazina upole. Anayetoka lango la Loduare la Ngorongoro kwenda Naabi, mlango wa Serengeti, hukutana na vijituta vidogo visivyo na idadi vinavyofuatana barabarani, vinavyotikisa kila nati iliyomo garini. Kijumba kilichotulia juu ya lami ya California hapa kinapata mtihani mwingine, na anayekiandalia gari ajibu mtihani huo kabla ya safari.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mzigo wa pikapu ya kawaida ni wa kuja na kuondoka: asubuhi magunia ya viazi, jioni bodi tupu. Ndiyo maana kiwanda huipa springi ya nyuma ngazi mbili. Juu kuna pleti ndefu zilizopinda, ambazo hufanya kazi kila wakati. Chini yake kuna pleti moja au mbili nene, zilizokaribia kunyooka, ambazo hazisumbuliwi mpaka mzigo ushuke na kuziegemea. Huo ni mpango wa busara kwa gari linaloishi maisha mawili, ya mzigo na ya utupu. Kijumba hulinyang'anya gari maisha ya pili. Kipo usiku na mchana, mlimani na bondeni, na pleti zilizowekwa kusaidia kwa saa chache sasa zinabeba daima. Chuma kilichokandamizwa karibu na ukomo wake, kisha kikatikiswa maelfu kwa maelfu ya mara, huchoka. Hakilalamiki kwanza. Hukatika.

Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya mizani. Mizani za barabara kuu za Tanzania huyasimamisha magari ya kuanzia tani 3.5, na pikapu nyingi hupita bila kuulizwa. Lakini mizani zipo pia kwenye vinu vya nafaka, kwenye machimbo ya kokoto na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hela ndogo inayolipwa hapo ndiyo yenye faida kuliko zote katika kazi nzima. Gari hupimwa likiwa kama litakavyosafiri: tangi la maji limejaa, dizeli imejaa, mtungi wa gesi umefungwa, abiria wameketi, tairi la akiba liko mahali pake. Hupimwa lote, kisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wamesema wahenga, na kwa kijumba hata mzigo wetu wenyewe tunauona usufi. Kilo zilizoandikwa na mtengenezaji mara nyingi ni za kijumba kitupu. Lita 80 za maji ni kilo 80 kamili. Ongeza betri, godoro, sufuria, vifaa vya kujinasua na chakula cha wiki mbili, na kijumba cha kilo 600 kinafika 800 bila mtu kuongeza anasa yoyote.

Baada ya uzito huja mahali pa uzito. Sheria za Marekani huwataka watengenezaji wa vijumba waandike uzito wa kijumba na kitovu cha uzito huo, na watengenezaji wa pikapu waeleze eneo ambalo kitovu hicho kinapaswa kuangukia. Sababu yake inaweza kuonekana kwa hesabu fupi. Land Cruiser 79 ya kibini kimoja ina milimita 3,180 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kitovu cha kilo zetu 800 kikikaa sentimita 30 mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inapokea kama kilo 725 na ya mbele inapokea 75. Kisogeze kitovu sentimita 30 nyuma ya ekseli, na ekseli ya nyuma itabeba kilo 875, huku ya mbele ikinyanyuliwa kilo 75. Mzigo ni uleule, gari ni lilelile, lakini sasa usukani umekuwa mwepesi, breki za mbele zimepoteza sehemu ya mshiko wake, na mkia wa chesisi unavutwa chini kila shimo. Fundi mwenye kujali humwambia mteja ahamishie tangi la maji upande wa kibini kabla hajafungua nati hata moja. Ushauri huo haumwingizii fundi hela ya chuma, na hapo ndipo ninapomtambua aliye bwana wa kazi yake.

Kisha anachukua futi. Anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu, halafu tena likiwa limebeba. Mwingereza Robert Hooke aliieleza kanuni hii kwa maandishi mwaka 1678: springi hushuka kwa kadiri ya mzigo, mzigo ukiongezeka maradufu na mshuko huongezeka maradufu. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, huenda hajawahi kulisikia jina la Hooke, lakini kanuni anaitumia kila siku. Ikiwa kila springi ya nyuma imepokea kama kilo 360 na ikashuka sentimita 7 na kidogo, basi springi hiyo inahitaji kilo 50 kwa kila sentimita moja. Sasa ana namba mkononi. Akiifanya iwe ya kilo 70 kwa sentimita, mzigo uleule utaishusha kama sentimita 5, na kimo kinachobaki atakirekebisha kwa kuongeza mkunjo. Hatafuti kuinua nyuma juu kama kwamba hakuna mzigo. Springi isiyoshuka ikibebeshwa haitakuwa na nafasi ya kushuka ikigonga shimo, na kipigo chote kitapanda kwenye chesisi.

Hapo ndipo jeki inapotoka. Gari linainuliwa, chesisi inakalishwa kwenye stendi, ekseli inashushwa taratibu. Yubolti, bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, zinafunguliwa, springi inatolewa na kubanwa kwenye jiliwa kabla ya kuguswa senta bolti, bolti moja inayopita katikati ya pleti zote. Kila pleti ina mkunjo wake, na kwa miaka yote hiyo zimekuwa zikisukumana. Ukikata senta bolti bila kuzibana, zitaruka, na mkono ulio karibu hautapona. Mafundi wazee huwafundisha wanagenzi jambo hili kabla ya kuwafundisha jina la spana.

Pleti zikiwa zimetandikwa chini kwa mpangilio wake, fundi huzisoma. Mahali palipong'aa ndipo zilipokuwa zikisuguana. Mahali penye kutu nyekundu kati ya pleti na pleti ndipo maji yalipokaa. Anaining'iniza kila pleti na kuigonga kwa nyundo ndogo: iliyo nzima hulia kwa muda, yenye ufa hulia mara moja ikanyamaza. Akiwa na shaka, anaipaka mafuta ya taa, anaifuta ikauke, kisha anaipaka vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi juu yenyewe na kuchora mstari mweusi katika weupe. Anatafuta zaidi kwenye tundu la senta bolti, na mahali ncha ya pleti fupi inapoisugua ile ndefu iliyo juu yake. Anautazama zaidi uso wa juu wa pleti, kwa kuwa springi ikibebeshwa uso huo huvutwa na wa chini hukandamizwa, na chuma huanza kupasuka kinapovutwa.

Sasa tunafika kwenye kiini cha ufundi huu, mahali ambapo fundi wa haraka na fundi wa kweli huachana. Wa haraka hutafuta pleti moja nene kutoka springi ya lori na kuichomeka chini ya zile za kiwanda. Gari linainuka papo hapo, mteja anafurahi, analipa. Lakini unene una hesabu yake. Pleti ikiongezwa unene mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara nane. Hata kutoka milimita 7 kwenda 8, tofauti ambayo jicho haliioni, pleti hukakamaa kwa karibu nusu zaidi ya ilivyokuwa. Na zikipindishwa kwa kiasi kilekile, nene ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu uso wake uko mbali zaidi na kitovu cha pleti. Ndiyo sababu springi hujengwa kwa pleti nyingi nyembamba: kila moja hupinda sana bila kuumia, na zote kwa pamoja hubeba mzigo mkubwa. Ukiweka pleti moja ngumu kati ya zinazopinda, umezifanya nyingine zipumzike na hiyo moja ibebe peke yake.

Fundi wa kweli huongeza pleti mbili au tatu zenye unene unaolingana na zilizopo, akiziingiza katikati ya mpangilio, kila moja fupi kuliko iliyo juu yake. Urefu huo wa ngazi kwa ngazi hauko kwa ajili ya urembo. Nguvu ya kupinda ni kubwa katikati, kwenye ekseli, na hupungua kuelekea ncha, kwa hiyo chuma huwekwa kingi palipo na kazi nyingi na kidogo palipo na kazi kidogo. Kisha anakuja kwenye jambo la siri zaidi. Kila pleti fupi hukunjwa zaidi kidogo kuliko ile ya juu yake, kiasi kwamba ukizipanga bila kuzifunga, utaona mwanga kati yake. Senta bolti ikikazwa mwanga unatoweka, pleti zinakumbatiana, na ile ndefu ya juu, yenye macho mawili, vitundu vya nchani, yanayoshikilia gari zima, inavutwa upande wa kinyume na mzigo kabla mzigo haujafika. Kwa hiyo mzigo ukija, pleti hiyo inaanza kuumia baadaye kuliko nyingine. Hiyo ndiyo inayolindwa, kwa sababu nyingine zote zikikatika gari litafika nyumbani likichechemea, lakini hiyo ikikatika ekseli haina tena kinachoiongoza. Wenye kubuni mpango huo walijua ni nani asiyestahili kufa kwanza.

Mkunjo unapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya nyundo na fuawe, bila moto. Fundi huchora upinde anaoutaka sakafuni kwa chaki, kisha huipiga pleti kwa mapigo mafupi yanayofuatana, akisogea kidogo kidogo kutoka katikati hadi ncha, akirudi kuilaza juu ya mchoro, akienda tena. Pigo moja zito lingeitia pleti kona, na kona ni mwanzo wa ufa. Nimemtazama mzee mmoja akiifanya kazi hiyo bila kuongea na mtu, na kilichonivutia ni kwamba alikuwa akiitazama pleti muda mrefu zaidi kuliko aliokuwa akiipiga. Springi ya zamani iliyokunjwa hivi hurudi kimo chake, lakini ina tabia ya kulala tena, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kupokea hela.

Njia ya pili ni ya moto. Chuma cha springi si chuma chochote. Kile cha Kijapani kinachoitwa SUP9, kinachotumika sana, kina kaboni kati ya asilimia 0.52 na 0.60, pamoja na manganizi na kromiamu. Huchomwa hadi kati ya nyuzi 830 na 860 za Selsiasi, hukunjwa kingali chekundu, kisha huzamishwa kwenye mafuta. Asiye na kipima joto hutumia sumaku: chuma kikipita nyuzi kama 770 sumaku hukiacha, na fundi hujua amekaribia. Kikitoka kwenye mafuta kimekuwa kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake, lakini katika hali hiyo ukikiangusha sakafuni kinaweza kuvunjika. Lazima kichomwe tena, safari hii taratibu, kati ya nyuzi 460 na 510, ili kiachie sehemu ya ugumu wake na kupewa badala yake uwezo wa kupinda na kurudi. Kazi yote ya springi imo katika mabadilishano hayo. Kiwandani huongezwa hatua nyingine: uso wa juu wa pleti hupigwa kwa mvua ya vipande vidogo vya chuma, ili ngozi yake ibaki imekandamizwa na ufa ushindwe kuanza.

Kwa kujua gharama ya joto hilo utaelewa kwa nini fundi wa springi hukasirika akimwona mchomeleaji akikaribia. Cheche moja ya kuchomelea ikiangukia pleti huharibu ndani ya sekunde kile ambacho tanuru lilikijenga kwa saa. Pleti iliyochomelewa itakatika palepale ilipochomelewa, au milimita chache pembeni.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko gari lenyewe. Mwaka 1804 Obadiah Elliott wa London alipata hataza ya magari ya farasi yaliyokalia springi za pleti, na tangu hapo mpango wa pleti juu ya pleti umevuka kutoka kwa farasi hadi lori bila kubadilika sana. Na pleti iliyokufa haitupwi kwetu. Wahunzi huigeuza kuwa kisu, panga au mkuki, kwa kuwa wanajua ni vigumu kupata chuma kingine mtaani kinachoshika makali vizuri hivyo.

Springi inarudishwa ikiwa imesafishwa, imepakwa grisi ya grafiti kati ya pleti, ina senta bolti mpya na vibanio vya pembeni vinavyozuia pleti zisitawanyike gari linaporuka. Yubolti nazo ni mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika na hazitashika tena kama mwanzo. Nati hukazwa kwa zamu, kona kwa kona. Bolti za bushi za raba huachwa zimelegea mpaka gari likalie magurudumu yake likiwa na mzigo, ndipo zikazwe. Zikikazwa gari likiwa juu, raba hubaki imesokotwa maisha yake yote na hupasuka mapema. Baada ya kilometa mia chache mteja hutakiwa arudi, yubolti zikazwe tena. Pleti mpya hukaa, rangi kati yake huisha, na kilichokuwa kimebana hulegea. Wengi hawarudi, na kisha hulaumu springi.

Springi ikiwa tayari, shokapu haliwezi kubaki lilelile. Watu wengi huamini shokapu hubeba uzito. Halibebi. Kazi yake ni kumeza mtikisiko na kuugeuza joto, na springi iliyoongezewa nguvu hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inahitaji shokapu linalozuia zaidi wakati wa kurudi. Ukiacha la kiwandani, kijumba kitapanda na kushuka muda mrefu baada ya tuta kupita, na kwenye vijituta vya Naabi mafuta ndani ya shokapu yatapata moto na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Kijumba pia kina urefu kwenda juu, na kitanda chake mara nyingi hupita juu ya kibini. Kikiingia kona, uzito wake hutaka kwenda upande wa nje. Stabilaiza ya nyuma, upau wa chuma unaoziunganisha pande mbili, hupunguza kuinama huko bila kuikakamaza springi gari linapokwenda moja kwa moja.

Tairi nalo lina usemi. Namba 120 ubavuni mwake maana yake ni kilo 1,400 kwa tairi moja, na 112 ni kilo 1,120. Kilo za ekseli ya nyuma zigawanywe kwa mbili na kulinganishwa na namba hiyo, kisha upepo ujazwe kwa kadiri ya mzigo, si kwa mazoea.

Kuna pia mifuko ya hewa, mipira inayowekwa kati ya ekseli na chesisi na kujazwa upepo. Ni msaada mzuri kwa marekebisho madogo: kulisawazisha gari lililoinama upande mmoja, au kuinua nyuma kidogo siku ya maji mengi. Lakini springi ya pleti hukabidhi mzigo kwa chesisi katika sehemu mbili zilizo mbali, mbele na nyuma ya ekseli, pale ambapo kiwanda kiliimarisha. Mfuko hukabidhi sehemu moja, katikati. Mtu akiujaza ili kuficha mzigo uliozidi, nyuma ya gari itaonekana imesimama sawa huku chesisi ikipinda polepole. Macho yameridhika na gari limeumia.

Na hapa nasema kile ninachokiheshimu zaidi kwa mafundi hawa. Springi nzuri haiongezi uwezo wa gari lote. Beringi ni zilezile, breki ni zilezile, ekseli ni ileile. Ndiyo maana nchini Australia anayetaka kupandisha uzito halali wa gari lake hufuata utaratibu rasmi wenye vifaa vilivyothibitishwa, wala haishii kwenye kuongeza pleti. Fundi bora anaujua mpaka huo na husimama hapo. Nimesikia jibu lake kwa mteja aliyekuja na kijumba kikubwa na Hilux ndogo: "Bosi, springi naweza kukuwekea hata leo. Breki ya kukusimamisha mlimani siwezi kukuwekea. Hiki kinataka gari jingine." Kwa kusema hivyo alipoteza kazi ya siku nzima. Mteja aliondoka amenuna, lakini aliondoka akiwa na ukweli ambao hakuna pleti ingempa.

Tumezoea kulipa kwa kitu tunachoweza kukishika: pleti mbili, shokapu mbili, yubolti nne. Yaliyo na thamani zaidi katika kazi hii hayashikiki. Ni swali la uzito, ni futi iliyopimwa mara mbili, ni tangi la maji lililohamishwa, ni mwanga ulioachwa kati ya pleti kwa makusudi, ni hapana iliyosemwa kwa wakati. Vyuo vyetu vya ufundi vingefanya vema kuwaalika wazee hawa wafundishe pamoja na vitabu, wakiwa bado na nguvu ya kuinua nyundo, kwa sababu elimu yao nyingi imo mikononi mwao na haijaandikwa. Na sisi wenye magari tuna wajibu mdogo zaidi unaoweza kuanza leo: fundi akikwambia upunguze mzigo kabla hajaongeza chuma, mlipe kwa ushauri huo kama ambavyo ungemlipa kwa springi mpya.